Matimba ya Pamba

Mama yangu ndiye mtu wa kwanza kuniuliza swali la maana kuhusu masomo yangu, na nilishindwa kulijibu.

Ilikuwa mwezi wa sita. Tumekaa barazani kwetu Segese, pamba imemwagwa kwenye turubai, tunaitenga kabla haijapelekwa AMCOS: nyeupe safi huku, fifi kule. Kazi hii mama anaifanya bila kuangalia. Vidole vyake vinajua. Anatoa jani kavu, anatoa kokwa bovu, anarusha fungu kushoto au kulia, huku macho yake yako kwako.

"Hivi huko Dar unasomea nini hasa? Watu wananiuliza. Nawaambia mimea. Wanasema, basi atarudi bibi shamba."

Nilikuwa mwaka wa pili wa shahada ya uzamili. Nikajibu kama nilivyozoea kuwajibu walimu wangu, ila kwa Kiswahili cha kubahatisha: "Nasoma namna protini zinavyodhibiti kiunzi cha aktini kwenye seli za mimea zinazokua."

Mama akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, kwa adabu kabisa, "Protini si maharage?"

Kaka yangu, aliyekuwa ameegemea nguzo akisubiri chai, alicheka mpaka akakohoa. Nami nikacheka. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Miaka kumi na saba ya shule, na sentensi yangu moja ilikuwa haiwezi kuvuka turubai la pamba.

Kwa asiyeijua Segese: ni kata ya Msalala, mkoa wa Shinyanga, kwenye ukanda ambao ukitaja Kahama na Geita kila mtu anafikiria dhahabu. Malori na bodaboda zinaelekea Kakola na mgodi mkubwa wa Bulyanhulu, vumbi linakaa kwenye paa za bati mpaka mvua za Novemba. Lakini zamani kabla ya yote hayo, kwetu mazungumzo yalikuwa pamba. Babu aliuza pamba kwenye chama cha msingi, baba akasomeshwa kwa pamba, mimi nikasomeshwa kwa pamba. Kaka alisomeshwa kwa pamba mpaka kidato cha pili, bei ikaanguka, akaenda mashimoni. Hakurudi darasani. Hatujawahi kulizungumza hilo vizuri, mimi na yeye. Mwaka ule bei ilipoanguka, ada iliyopatikana ilikuwa ya mtoto mmoja.

Na mwaka ninaousimulia, kaka alikuwa amekuja na jambo. Kwenye kona ya chini ya shamba letu, karibu na kichuguu, aliokota mawe meupe yenye mistari ya kutu. Akayatwanga kwenye kinu, akayaosha kwenye karai, akaona rangi. Rangi kidogo, lakini rangi. Akataka tufungue duara.

Mama hakutaka. Hakusema hapana, alisema "tuone", ambayo kwa mama yangu ni hapana iliyovaa khanga. Mimi niliulizwa maoni kwa sababu nimesoma. Nikasema na mimi "tuone". Basi wiki nzima tukawa tunachambua pamba juu ya jambo ambalo hakuna aliyetaka kuligusa.

*

Jioni ya pili nilijaribu tena kumjibu mama. Safari hii nilianza na kitu kilichokuwa mkononi mwake.

"Mama, unyuzi mmoja wa pamba ni nini?"

"Ni unyuzi."

"Ni seli moja."

Hapa ilibidi nieleze seli, na hilo lilikuwa rahisi, kwa sababu mama alisoma shule ya msingi enzi za sayansi kwa Kiswahili, na anakumbuka mchoro wa kitunguu. Nikamwambia: zile chembe ndogo za ngozi ya kitunguu ambazo huzioni bila hadubini, hivi unavyoshika ni mojawapo. Ila hii imerefuka. Maelfu ya chembe za ngozi ya mbegu moja ya pamba zinaamua, siku ileile ua linapochanua, kuacha kuwa ngozi na kuwa nyuzi. Kila moja inachipuka peke yake, haigawanyiki, haiungani na mwenzake. Inarefuka tu. Wiki tatu hivi. Kisha inaacha kurefuka na kuanza kunenepesha ukuta wake kwa selulosi, ndani kwa ndani, mpaka kitumba kinapasuka na seli inakauka na kufa. Tunachovaa ni ukuta uliobaki.

Mama aliuvuta unyuzi mmoja kutoka kwenye fungu, akaushika kwenye mwanga wa taa ya sola.

"Siku ua likiwa jeupe?"

"Siku hiyohiyo."

"Kesho yake linakuwa jekundu."

"Kesho yake nyuzi zimeshaanza safari."

Akaendelea kuutazama. Mama amelima pamba kwa zaidi ya miaka arobaini. Anajua ua jeupe la asubuhi na jekundu la kesho yake, anajua funza wa vitumba, anajua UK91 na UKM08 kutoka Ukiriguru kama anavyojua majina ya wakwe zake. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba anachokichuma ni chembe mojamoja. Akasema kwa sauti ya chini, si kwangu, "Kumbe kimoja."

Nikapata moyo. Nikafanya hesabu. Upana wa unyuzi huo ni kama sehemu ya hamsini ya milimita. Urefu wake ni karibu sentimita tatu. Yaani urefu ni zaidi ya mara elfu moja ya upana.

Kaka, ambaye nilidhani amelala, akasema kutoka gizani: "Sawa na duara la mita moja kuteremka kilomita nzima."

"Ndiyo, kaka. Hivyohivyo."

"Halipo duara hilo. Labda kwa wale wa Bulyanhulu, wana mashine. Sisi lingeshatufunika." Akakaa. "Halibomoki kwa nini?"

Hilo, msomaji, ndilo swali la tasnifu yangu. Kaka yangu wa kidato cha pili alilifikia kwa sentensi mbili. Mimi nilihitaji mihula mitatu.

*

Sehemu ya kwanza ya jibu ni maji. Seli ya mmea imejaa maji yanayosukuma ukuta kutoka ndani, kama upepo ndani ya tairi. Ukuta ukilegezwa kidogo, seli inatanuka. Lakini tairi likilegea hutoa uvimbe mahali popote. Pamba haitoi uvimbe, inatoa uzi. Lazima kuwe na kitu ndani kinachojua mbele ni wapi, kinachopeleka malighafi za ukuta mpya mahali panapostahili, bila kukoma, kwa wiki tatu.

Kitu hicho, kwa sehemu kubwa, ni nyuzi ndani ya unyuzi. Zimetengenezwa na protini iitwayo aktini. Brunó Straub aliitenga huko Szeged, Hungaria, katika maabara ya Albert Szent-Györgyi, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Aliipata kwenye misuli. Baadaye ikaonekana kwamba iko karibu kila mahali penye uhai wa aina yetu: kwenye misuli ya ng'ombe, kwenye hamira, kwenye mahindi, kwenye pamba. Aktini moja ni punje. Punje zikishikana mkia kwa kichwa, zinakuwa uzi mwembamba wa nanomita saba hivi. Ndani ya unyuzi wa pamba nyuzi hizo zinajipanga kwa mafungu marefu kufuata urefu wa seli, na juu yake vifuko vya malighafi vinavutwa na protini nyingine, miosini, kama magunia juu ya reli.

Lakini punje hazijipangi zenyewe kwa busara. Ukiziacha, zitaungana ovyo. Kuna kundi la protini nyingine ambazo kazi yao ni kuziongoza, na hizo ndizo nilizokuwa nasoma.

"Kama matimba," kaka akasema.

Kwa wasomaji wasiotoka kwetu: matimba ni magogo yanayopangwa kwenye kuta za duara ili udongo usishuke. Kaka hachimbi siku hizi. Yeye ndiye wa matimba. Anateremka kabla ya wenzake, anakagua, anapanga, anabadilisha. Watu kumi na wawili wanashuka kwa kuamini macho yake.

Basi usiku ule tulijenga seli ya pamba kwa maneno ya mashimoni. Nilitoa protini, yeye akatoa cheo.

Profilini: huyu anashika punje moja ya aktini na kutembea nayo, asiiache ianguke na kujiunga popote. "Mbeba gogo," kaka akasema. "Haachi chini, anampa fundi mkononi."

Formini: huyu anakaa kwenye utando wa seli, anapokea punje kutoka kwa profilini, anaziunganisha kuwa uzi ulionyooka, na haachii ncha. "Fundi wa mbele. Mimi huyo."

Arp2/3: hili ni kundi la protini saba zinazokaa ubavuni mwa uzi uliopo na kuanzisha tawi. "Mnapofungua njia ya pembeni kufuata mwamba."

Villini na fimbrini: hizi zinafunga nyuzi kadhaa pamoja ziwe fungu nene. "Mfunga kamba."

Kisha nikafika kwa kofilini, ambayo kwenye mimea tumezoea kuiita ADF. Huyu anapita nyuma na kukata. Anakata nyuzi zilizokwisha kujengwa, punje zinarudi kwenye maji ya seli.

Kaka akainua mkono. "Huyo mfukuzeni."

"Huwezi, kaka. Akiondoka huyo, magogo yote yanaishia nyuma, mbele hakuna gogo. Seli haina msitu mwingine. Inajenga kwa kilichokatwa."

Akafikiri. "Anajuaje lipi la kukata?"

Nikamweleza. Kila punje ya aktini inaingia kwenye uzi ikiwa imebeba molekuli ya nishati, ATP. Ikikaa kwenye uzi, nishati hiyo inapungua, inabaki ADP. Kofilini inapenda zaidi punje zenye ADP. Yaani inatambua uzee. Haiangalii uzi uko wapi, inagusa na kuhisi umri wake.

Kaka akanyamaza muda mrefu, mpaka nikadhani nimempoteza. Kisha akasema, "Mimi nagonga kwa nyundo."

"Unagonga nini?"

"Gogo. Zima linalia hivi." Akagonga nguzo ya baraza kwa kifundo cha kidole. "Lililooza linalia kama mtungi mtupu. Kwa macho yote sawa. Huwezi kujua mpaka uguse."

Mama alikuwa ameacha kuchambua.

*

Nataka niseme kitu kuhusu lugha, maana hapa ni mahali pa watu wa lugha.

Nilijifunza usanisinuru darasa la sita na nikauelewa. Mwaka mmoja na nusu baadaye niko kidato cha kwanza, mmea uleule, jani lilelile, limebadilika jina na mimi nimekuwa bubu. Tunaotoka shule za kata tunajua. Unajifunza kukariri. Nilifika chuo kikuu nikiwa hodari wa kukariri, na nilipokutana na neno linalomaanisha mfumo huu wa nyuzi ndani ya seli, nililikariri na lenyewe. Saitoskeletoni. Nilifaulu mtihani wake. Sikuwa nimewahi kuliona.

Nilipoanza kulitafutia Kiswahili, nilichukua "kiunzi cha seli". Ni neno zuri. Kiunzi cha mifupa, kiunzi cha nyumba, hata mbio za viunzi. Lakini kiunzi cha nyumba kinakaa. Mifupa inakaa, hata baada yetu. Hiki hakikai. Mwaka 2009 watafiti waliozitazama nyuzi za aktini moja moja kwenye seli hai za mmea mdogo wa Arabidopsis, zikiwa zinakua, waliripoti kwamba uzi mmoja unarefuka kwa kasi ya zaidi ya mikromita moja kwa sekunde, na wastani wa maisha yake hauzidi nusu dakika. Nusu dakika! Unajengwa, unakatwa vipandevipande, vipande vinajengwa tena. Unyuzi wa pamba unaochukua wiki tatu kurefuka unategemea kitu kisichodumu hata muda wa kumwaga chai.

Kwa hiyo jina lenyewe, kwa lugha yoyote ile, linadanganya kidogo. Na matimba ya kaka nayo yanadanganya kidogo. Nilimwambia kesho yake asubuhi, nikitaka kuwa mkweli: "Matimba yako yanakaa miezi. Haya yanakaa nusu dakika."

Hakushtuka. "Msimamizi nani?"

"Hakuna."

"Haiwezekani. Watu wote hao, mbeba gogo, fundi, mfunga kamba, wa shoka, na hakuna mwenye duara?"

"Hakuna, kaka. Kuna ishara. Kalisiamu ikipanda mahali, villini inabadilika. Asidi ikipungua au kuongezeka, kofilini inaongeza au inapunguza kazi. Kila mmoja anajua kitu kimoja tu, anakifanya hapo alipo. Ukiangalia kwa mbali unaona uzi unarefuka."

"Na mmoja akizidisha?"

Hapo ndipo nilipowapa hadithi ninazozipenda kuliko zote. Ya kwanza: watafiti wa China walipunguza ADF moja kwenye pamba, yule wa shoka. Matokeo yao yakachapishwa mwaka 2009. Nyuzi zikawa ndefu zaidi na imara zaidi.

"Si nilisema!" kaka akapiga goti.

Ya pili: mwaka uliofuata ikachapishwa kazi nyingine ya China. Waliongeza profilini moja, mbeba gogo. Mtu angedhani ukiongeza wabebaji, kazi inakwenda mbali. Mafungu ya aktini yakaonekana mapema, seli ikaanza kunenepesha ukuta kabla ya wakati, na nyuzi zikaacha kurefuka mapema.

Kaka hakusema kitu. Mama ndiye aliyesema. "Kama chumvi," akasema, akarudi kwenye pamba yake.

Ya tatu ni ya zamani. Mwaka 1929, Griffee na Ligon waliandika kuhusu mimea ya pamba ya ajabu huko Texas, Marekani: midogo, majani yamejikunja, vitumba vipo lakini nyuzi ni fupi kiasi cha kutofaa kitu. Watafiti waliibeba mbegu hiyo kwa karibu miaka tisini bila kujua kasoro iko wapi. Mwaka 2017 ikachapishwa: kasoro iko kwenye aktini yenyewe. Punje ya aktini imejengwa kwa asidi amino zaidi ya mia tatu na sabini zilizopangwa mstari. Kwenye mimea ile, moja tu, ya sitini na tano, imebadilishwa. Glaisini imekuwa valini. Punje zinashindwa kushikana inavyotakiwa, nyuzi za ndani zinavurugika, na pamba inasahau mbele ni wapi.

"Moja kati ya mia tatu na ngapi?" mama akauliza.

"Sabini na kitu."

"Gogo moja," kaka akasema. Hakuwa anacheka tena.

Na hapo ndipo aliposimulia jambo ambalo hakuwahi kutuambia. Miaka minne nyuma, duara la jirani na lao, mwenye duara alikuwa anabana matumizi. Akaagiza magogo ya juu yatolewe yapelekwe chini, kwa sababu juu "pameshakauka, hapashuki". Kaka alikuwa ameshuka pale asubuhi kumsaidia rafiki yake kukagua. Akagonga. Akamwambia rafiki yake, gogo hili msilitoe. Akapanda kwenda kunywa uji. Walilitoa. Wawili hawakupanda.

"Nilisema," kaka akasema. "Lakini nilisema mara moja tu. Halafu nikaenda kunywa uji."

Hakuna protini ya kumjibu mtu maneno hayo. Mama alinyanyuka, akaenda akakaa karibu naye kwenye nguzo, akamshika bega kama anavyoshika gunia linalotaka kuanguka. Wakakaa hivyo. Mimi nikaendelea kuchambua, safi huku, fifi kule, na nadhani nilichanganya sana siku ile.

*

Kuhusu shamba, mama aliamua mwenyewe, siku mbili baadaye, akiwa anamenya viazi vya michembe.

Alianza kwa kuuliza. "Wewe," akaniambia mimi, "unyuzi ukiacha kurefuka mapema, unaweza kuanza tena?"

"Hauwezi, mama. Ukuta ukishanenepa, basi."

Akamgeukia kaka. "Na duara likishafukiwa, pamba inaota?"

"Inaota. Inadumaa miaka miwili mitatu, ule udongo wa chini unakuwa juu. Baadaye inaota."

Akamenya kiazi kizima bila kusema. Kisha akatoa hukumu. Pamba yote ivunwe. Maotea yang'olewe na kuchomwa kabla ya tarehe 15 Septemba kama sheria inavyotaka. Baada ya hapo kaka achimbe kona ya kichuguu, hiyo tu, mpaka mvua za kupandia. Taratibu za leseni amalize kwanza. Magogo anunue mapya, asikope ya duara jingine. "Na wa kugonga uwe wewe. Ukisema mara moja hawakusikia, useme mara ya pili."

Halafu akanitazama mimi. "Na wewe utalipa nusu ya magogo. Ulisoma kwa pamba ya wawili."

Alilisema hivyo, bila kupandisha sauti, akichukua kiazi kingine. Miaka kumi na miwili tulikuwa hatujalisema. Kaka aliangalia chini. Mimi nikasema, "Sawa, mama." Nililipa kwa posho yangu ya muhula ule, na sijawahi kununua kitu kwa furaha kama magogo yale ambayo sikuyaona.

Walichimba wiki saba. Walipata dhahabu kidogo, ya kurudisha gharama na kununua baiskeli moja na mabati kumi na mawili. Mwamba ukapotea. Mvua ikaanza, kaka akafukia. Hakuna aliyeumia. Wenzake walilalamika kwamba anagonga sana, anachelewesha kazi.

Mimi nilirudi Dar nikamaliza tasnifu. Sura ya kwanza niliiandika mara mbili: mara moja kwa Kiingereza kwa ajili ya chuo, mara moja kwa Kiswahili kwa ajili ya turubai. Ile ya Kiswahili ndiyo iliyonionyesha mahali nilipokuwa sielewi. Kwa mfano, nilikuwa nimeandika kwamba protini hizi "zinadhibiti" aktini. Neno kubwa, la wizara. Nilipotaka kumwambia mama, nikaona hakuna anayedhibiti pale. Kuna anayebeba, anayeunga, anayefunga, anayekata. Kudhibiti ni jina tunaloliweka sisi tuliosimama mbali. Msimamizi wangu aliniuliza kwa nini sura hiyo imekuwa na vitenzi vingi hivyo. Nikasema nimetoka nyumbani.

Mwezi wa pili mwaka huu nilikwenda Segese pamba ikiwa kwenye maua. Mama alinipeleka kwenye kona iliyofukiwa. Pamba imedumaa kweli, imefika gotini wakati nyingine iko kiunoni, lakini ina maua. Nikachuma kitumba kibichi cha siku kama kumi, nikakipasua kwa wembe. Ndani nyuzi hazikuwa pamba bado. Zilikuwa kitu chenye majimaji, cheupe kama utando wa yai, kimejikunja kuzunguka mbegu changa. Zote hai, zote zinarefuka wakati ule ule tunapozitazama.

Jirani mmoja alikuwa anapita na ng'ombe zake akasimama. "Mama, mnaharibu vitumba?"

"Tunaangalia matimba," mama akasema.

"Matimba kwenye pamba?"

"Yamo. Madogo sana. Hayana mwenyewe." Akachukua kitumba mkononi mwangu akamwonyesha. "Yanapangwa mbele, yanakatwa nyuma. Ukizubaa nusu dakika siyo yale tena."

Jirani akanitazama mimi, msomi, athibitishe. Nilikuwa na masahihisho mawili matatu pale. Nikamwambia, "Ni hivyo hivyo, baba."

Akachunga ng'ombe zake. Mama akakifunga kile kitumba kwenye ncha ya khanga, sijui cha nini, tukarudi nyumbani kabla jua halijawa kali.